Mto Zigi: Nani Hutumia, Nani Hulipa?

Katika ramani ya Tanzania inayotundikwa madarasani, mwanafunzi huonyeshwa Rufiji, Ruvuma, Pangani na Wami. Zigi mara nyingi haumo, na ukiwamo ni mstari mfupi wa buluu uliojibanza pembeni kabisa, juu ya neno Tanga. Si ajabu. Kutoka milimani hadi baharini mto huu una urefu wa kama kilomita 100 tu, na mtu aliyeondoka Amani asubuhi kwa gari anaweza kuwa mjini Tanga kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kazi za mto hazipimwi kwa urefu wake. Ndani ya miaka 130 hivi, bonde la Zigi limepokea wakulima wa kahawa walioshindwa, wanasayansi wa dola la Kijerumani, garimoshi la mbao, watafiti wa mihogo, misumeno ya kiwandani, wachimba dhahabu, mashine za mkonge na, mwisho wa yote, bomba linalonywesha jiji. Kila aliyekuja alichukua alichokitaka. Mazungumzo haya yanaufuata mto kutoka juu kwenda chini, na swali ni moja: nani ametumia, na nani amelipa?

Zigi unazaliwa Usambara Mashariki, sehemu ya Tao la Mashariki, ule mlolongo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Kwa urefu, Usambara Mashariki haina la kujivunia mbele ya Kilimanjaro au Meru. Kilele chake kirefu zaidi, Nilo, kina mita 1,506, na Amani yenyewe iko kwenye mita 900 hivi. Bahati yake ni kukaa jirani na Bahari ya Hindi. Pepo zenye unyevu hutoka baharini, huvuka tambarare ya Muheza, kisha hukutana na ukuta wa milima na kulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na zikipoa hunyesha. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, masika na vuli, na hata katikati ya miezi ya kiangazi si jambo geni kuamkia ukungu na manyunyu.

Mvua peke yake haitoshi kuufanya mto utiririke mwaka mzima. Kazi hiyo hufanywa na msitu. Tone la mvua likianguka juu ya msitu wa Amani halifiki chini kwa nguvu yake. Huvunjwa na majani ya miti mirefu, likadondokea vichaka, likatua kwenye tabaka la majani yanayooza, ndipo likazama taratibu kando ya mizizi. Maji hayo ndiyo yanayochuruzika kwenye chemchemi Februari na Septemba, wakati mawingu yameshaondoka. Palipofyekwa, mvua ileile huteremka siku hiyohiyo, imebeba udongo, na ukija ukame kijito hubaki mawe matupu.

Huko juu wanaishi zaidi Washambaa, watu wa migomba na mihogo, na siku hizi watu wa viungo: iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini. Chini ya milima, upande wa Muheza, ni nchi ya Wabondei. Karibu na bahari ni kwa Wadigo. Mto mmoja mfupi, na njiani unaamkiwa kwa lugha tatu kabla ya kufika kwenye maji ya chumvi.

Wageni wa kwanza waliokuja na mipango mikubwa walikuja kwa ajili ya kahawa. Mwaka 1891 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianzisha shamba pale Derema. Waliuona msitu mnene, wakaamini kwamba udongo uliouotesha lazima umenona. Hesabu hiyo ilikuwa ya makosa. Udongo wa milima hiyo una tindikali na umeoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Rutuba yake imo katika majani yaliyoanguka juu juu, wala haiko kina kirefu. Ukiondoa miti, rutuba huondoka nayo. Kahawa ilidhoofika na mashamba yakaachwa. Baadaye sana ndipo chai, mmea unaoipenda tindikali, ukashika nafasi, na hadi leo majina ya Kwamkoro, Monga, Bulwa na Marvera huwakumbusha wenyeji vichaka vya chai vilivyokatwa usawa mmoja, vikipakana na msitu.

Serikali ya Kijerumani ilipotaka kujua nini kitaota na nini hakitaota katika koloni lake, iliijenga maabara yake papo hapo, kwenye vyanzo vya Zigi. Mwaka 1902 ilianzishwa Taasisi ya Kibiolojia na Kilimo ya Amani, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mbegu na miche vililetwa kutoka Asia na Amerika, vikapandwa kwenye miteremko kuanzia bondeni hadi juu ya mlima, ili kila mmea ujaribiwe kwenye joto na mvua tofauti. Kati ya miti hiyo ulikuwamo mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na meli za Uingereza zikafunga bahari, kwinini ya Amani ilitumika kuwatibu malaria askari wa jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck.

Wakati huohuo bonde la Zigi lilikuwa linavutwa na biashara nyingine. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896. Kampuni ya mbao iliyojiita kwa jina la mto, ambao Wajerumani waliuandika Sigi, ilitaka magogo ya mvule na miti mingine migumu yafike kwenye reli hiyo kubwa. Ikajengwa njia nyembamba ya kilomita 23 hivi, yenye upana wa sentimita 75, kutoka kituo cha Tengeni kupanda bonde hadi Zigi. Ilifunguliwa mwaka 1910. Watu wa Amani waliitumia pia kupandishia mizigo, barua na wageni, maana kutoka kituo cha mwisho kulibaki kipande kimoja tu cha kupanda mlima.

Leo njia hiyo nyembamba haipo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ingalipo, na imekuwa kituo cha kupokea wageni kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Kati ya vyote vilivyoondoka Tanga, kilichosambaa mbali zaidi duniani kilikuwa kidogo kuliko vyote. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, aliona mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau, umeota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mmea ulipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliupa jina la kisayansi Saintpaulia. Baada ya hapo biashara ya maua ikaendelea yenyewe. Hivi leo vizazi vya mmea huo viko madirishani katika nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, vimezalishwa kwa rangi na maumbo yasiyo na idadi. Huku nyumbani, ndugu zake wa porini wamebaki kwenye miamba ya vijito vya Usambara na magenge ya chokaa karibu na Amboni, wakitegemea kivuli cha miti ambayo wengine wanaitazama kama kuni. Enzi ulipochukuliwa, hakukuwa na sheria ya kimataifa iliyodai mgawo kwa nchi ulikotoka mmea.

Haki itendeke pia kwa Amani, kwa kuwa haikuwa mahali pa kuchukua tu. Baada ya Waingereza kuirithi, miaka ya 1930 watafiti wake, akiwamo H. H. Storey, waliukabili ugonjwa wa batobato uliokuwa ukimaliza mihogo. Walioanisha mhogo na binamu yake, ule mti wa mpira uitwao kitaalamu Manihot glaziovii, kisha wakaioanisha tena mimea iliyopatikana na mhogo wa kawaida mara kadhaa, hadi wakapata mihogo inayoliwa na inayohimili maradhi. Mmoja wa mimea ya ukoo huo ulipelekwa Nigeria, na katika miaka ya 1970 ukawa mzazi wa mbegu zilizoendelezwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan. Mkulima wa Afrika Magharibi anayevuna mihogo yake bila batobato huenda asijue kwamba sehemu ya ukoo wa shamba lake ilipitia kwenye mlima wa Muheza.

Utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, baada ya Vita Kuu ya Pili, na Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Misitu iliyoizunguka ikabaki na mlinzi mmoja mkubwa, ambaye ni ugumu wa kufikika. Mlinzi huyo hakudumu. Miaka ya 1970 kiwanda cha mbao cha Tanga, Sikh Saw Mills, kilianza kuvuna Usambara Mashariki kwa mitambo, kwa msaada wa fedha kutoka Finland. Magogo yaliburutwa kwa matrekta, barabara zilichongwa kwenye miteremko mikali, na mapengo yaliyoachwa yakavamiwa na Maesopsis eminii, mti uliokuwa umeletwa Amani na watafiti wa zamani, unaokua haraka na kuzuia miche ya asili kurudi. Wanasayansi na wanavijiji walilalamika, na uvunaji huo wa mitambo ukasitishwa mwaka 1987.

Kilichofuata ni nadra katika historia ya misaada. Finland ileile ikageuka na kugharimia hifadhi ya vyanzo vya maji. Mipaka ikapimwa, vijiji vikashirikishwa, na mwaka 1997 hekta 8,380 zikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Tangazo halikuwazuia wenye uchu. Mwishoni mwa mwaka 2003 ilienea habari kwamba kuna dhahabu kwenye vijito vya Sakale, huko juu milimani. Watu walimiminika kutoka mikoa mbalimbali. Dhahabu ya aina hiyo haihitaji mgodi wa kina. Mchimbaji hugeuza kitanda cha kijito, husogeza mawe, huosha mchanga kwenye karai. Maana yake ni kwamba alichokuwa anakichimbua ni mto wenyewe. Serikali iliwaondoa, wakarudi, ikawaondoa tena. Kwa kila beseni la mchanga lililooshwa Sakale, tope lilianza safari ya kuelekea Tanga.

Mto ukishuka Kisiwani huingia nchi ya joto. Hapa kuna shamba la miti la Longuza, lenye misaji iliyonyooka kama askari kwenye gwaride, na mbele yake mashamba ya michungwa ambayo Muheza inajulikana kwayo kote nchini. Vijito vingine hujiunga njiani, mkubwa wao ukiwa Kihuhwi. Maji huongezeka, mwendo hupungua, rangi huanza kukolea.

Kisha huja mkonge. Zao hili lilifika nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika Tanga 62 tu iliyo hai. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulifikia kiasi cha tani 230,000. Vitabu vya uchumi husimulia tani, bei na manamba waliosafirishwa kutoka mbali kuja kukata majani. Husimulia kidogo kuhusu maji. Lakini korona, ile mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi, haifanyi kazi bila maji mengi. Nyuzi ni chini ya asilimia 5 ya uzito wa jani. Kinachobaki ni utomvu na makapi, na kwa miongo mingi vilisukumwa kwa maji kuelekea korongo la karibu. Makapi mabichi yakioza ndani ya maji humaliza hewa ambayo samaki wanaihitaji. Ndiyo maana viwanda vya mkonge vilijengwa karibu na mito, na ndiyo maana watu walioishi chini ya viwanda waliijua harufu ya korona kabla hawajaiona.

Karibu na bahari, Zigi unakuta miamba ya chokaa iliyo mikongwe tangu zama za Jurasiki. Maji yenye asidi kidogo hula chokaa, na kazi hiyo ya muda mrefu imeacha Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini ya mji, katika eneo ambalo Zigi na Mkulumuzi hukaribiana. Watalii huingia na tochi kuona miamba iliyochongwa na maji. Wenyeji wengine huingia na ubani, maana mle kuna mzimu na watu huenda kutambika. Wazee husimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakiwindwa na polisi wa kikoloni. Kwa wenye mashamba walikuwa majambazi, kwa vibarua wengi walikuwa watetezi. Jirani na hapo, kandokando ya mto, hutoka chemchemi ya maji moto yenye harufu ya kiberiti. Inaitwa Galanos, kwa jina la Christos Galanos, mkulima wa mkonge wa asili ya Kigiriki, ambaye shule ya sekondari mjini Tanga inaitwa kwa jina lake vilevile. Watu huoga pale kutafuta nafuu ya magonjwa ya ngozi na viungo.

Lakini kabla ya kufika Amboni, mto umeshasimamishwa. Mwaka 1978 lilikamilika bwawa la Mabayani, lililojengwa kubeba mita za ujazo milioni 7.7. Maji huvutwa, husafishwa katika mtambo wa Mowe, kisha husambazwa jijini. Jiji la Tanga lilikuwa na watu karibu 400,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na Zigi ndio tegemeo lao kuu.

Hapa ndipo hesabu zote za juu hufungwa. Tope la Sakale, udongo wa shamba la tangawizi lililolimwa bila matuta, ukingo uliofyekwa ili kupanda magimbi, vyote hukusanyika Mabayani. Vingine hutua chini ya bwawa na kula nafasi ya maji. Vingine huendelea hadi mtamboni, ambako kila ongezeko la tope hudai dawa zaidi za kusafishia, na dawa ni fedha. Mama anayelipa bili Ngamiani, jijini Tanga, analipia pia, bila kujua, mteremko uliolimwa kilomita kadhaa juu yake.

Dawa ya kisheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mezani, mita 60 si kitu. Mlimani ni jambo lingine: penye vijito viwili vinavyokaribiana, mita 60 kila upande zinaweza kumeza shamba lote la familia. Mkulima akiambiwa aache shamba hilo libaki vichaka ili Tanga ipate maji safi, ana haki ya kuuliza atakula nini. Kumfukuza ni rahisi, na amekwisha kufukuzwa. Naye hurudi usiku na jembe lake.

Njia iliyozaa matunda zaidi ni ya kuzungumza. Wakulima wa bonde hilo wana umoja wao, UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi Zigi. Wanachama wake hupanda miti kwenye kingo, huchimba matuta, na kuhamia kwenye mazao ya kudumu ambayo hayahitaji kutifua ardhi kila msimu, kama vile viungo. Mamlaka ya maji ya jiji, Tanga UWASA, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, wamekuwa wakishirikiana nao. Baada ya zaidi ya karne ya watu kuchukua, anayekunywa chini ameanza kumtambua anayelinda juu.

Fedha nazo zimeanza kuutazama mto. Februari 2024 Tanga UWASA ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua na kuboresha miundombinu ya maji. Wawekezaji waliinunua ikavuka lengo, na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa mamlaka ya maji ya mji mmoja wa pwani, hiyo ni hatua kubwa, na miji mingine inayosubiri bajeti ya serikali kuu ina la kujifunza.

Hata hivyo bomba jipya halizalishi maji. Deni la miaka 10 litalipwa kwa maji ambayo lazima yaendelee kutoka Amani, kwenye msitu ambao uhai wake uko mikononi mwa watu wasio na hisa wala hatifungani. Kazi ya mkulima wa Kihuhwi haifai kutegemea semina na miche ya bure ya mradi unaokwisha baada ya miaka mitano. Ina thamani inayoweza kupimwa kwa tope lisilofika Mowe na kwa dawa zisizonunuliwa, na kinachopimika kinaweza kulipiwa. Wakazi wa Tanga, madiwani wao na wote walionunua hatifungani ile wadai jambo moja: katika kila bili ya maji iandikwe sehemu inayokwenda kwenye vyanzo, hata ikiwa ni shilingi chache kwa uniti, na kila mwaka itangazwe hadharani imewafikia wakulima gani na imelinda kingo zipi.